Mashimo Sita ya Fuko

Zamani, kabla Fisi hajajifunza kuona haya (na sidhani amejifunza hadi leo), jua liliwaka mbugani miezi saba mfululizo. Mto ukakauka, bwawa likabaki matope ya kugombaniwa na vyura. Simba, ambaye hakupenda kuonekana ana kiu mbele ya raia zake, akatangaza: "Waiteni watafiti wa nchi zote! Atakayegundua maji atakuwa mlinzi wa kisima. Yeye ndiye atakayesema nani anywe na lini."

Wageni wakaja wawili. Korongo alitoka nchi za baridi, ambako mtafiti akitoa hoja wenzake humhoji mpaka jasho limtoke, kisha wote wanakwenda kula pamoja wakicheka. Fuko alitoka ng'ambo ya milima, ambako kujisifu ni aibu kubwa. Kazi ya mdogo husemwa na mkubwa wake, naye mdogo huinamisha kichwa. Wenyeji waliwakilishwa na Sungura na Fisi. Fisi alijipa ukuu wa msafara siku ile ile, kwa kuwa alikuwa na sauti nene.

Kazi yenyewe aliifanya Fuko. Alichimba, akaonja udongo, akachora alama zake kwenye ganda la mti. Siku ya kumi na nne maji yakatoka chini ya mkuyu. Fisi, aliyekuwa amelala kivulini muda wote huo, akalichukua lile ganda.

"Hongera, mdogo wangu. Nitakusemea kwa Mfalme."

"Ahsante, mkubwa," Fuko akajibu, akainama.

Sungura aliyasikia hayo, roho ikamuuma. Alikuwa na watoto wanne nyumbani wenye midomo mikavu, naye alimjua Fisi vizuri: akikabidhiwa kisima atakunywa, ataoga, kisha atalala juu yake. Akamkimbilia Fuko. "Ndugu yangu, sema maji umeyapata wewe!"

"Nijisifu mbele za watu? Mama akisikia atanikana."

"Haya, na mtu akikosea huko kwenu?"

"Hilo hulitangaza mwenyewe, tena upesi. Akilificha, mwenzake atalirudia."

Masikio ya Sungura yakasimama wima.

Barazani, Fisi alilishika lile ganda chini juu, akanguruma, "Mimi, peke yangu, nimegundua maji!"

Simba alikuwa tayari kumkabidhi kisima. "Mzee wetu, mgeni ana maswali," Sungura akasema, huku akimkonyeza Korongo.

Korongo hakungoja kuambiwa mara mbili. "Udongo ulio juu ya maji una ladha gani?"

"Mtamu! Kama mchuzi wa mifupa."

"Kabla ya hapo ulichimba wapi ukakosa?"

"Nikose? Mimi sijawahi kukosa!"

"Ajabu hiyo," Sungura akadakia. "Kule njiani kuna mashimo sita makavu. Juzi mtoto wa Swala katumbukia, nusura avunjike mguu. Ni nani aliyeyachimba?"

Kisauti kikatoka nyuma kabisa: "Ni mimi. Nisameheni sana. La kwanza nilidanganywa na majani mabichi. La pili udongo ulikuwa wa chumvi..." Akaeleza makosa yote sita, moja baada ya jingine, na kila kosa lilivyomsogeza mbele. "Nilipokosa la sita, nikajua..." Akajiziba mdomo.

"Ukajua nini?" Korongo akauliza.

"Kwamba maji yako chini ya mkuyu," Fuko akanong'ona kwa aibu.

Baraza likalipuka kwa vicheko na vigelegele. Simba akamgeukia Fisi. "Hebu nione kucha zako." Zilikuwa safi kama za bwana harusi.

Fuko akawa mlinzi, na amri yake ya kwanza ilikuwa watoto wanywe kabla ya wakubwa. Sungura aliwatazama wanawe wakivimba matumbo, akalia kwa furaha bila kujificha. Fisi alipewa mashimo sita ayafukie, anywe akimaliza.

Tangu siku hiyo, mbugani humo mtafiti haulizwi kwanza amepata nini. Huulizwa alikosea wapi. Na swali hilo likifika kwa Fisi, ghafla hukumbuka ana mgonjwa nyumbani.