Maua Yaliyomwagiliwa Kiangazi

Kaeni, kaeni vizuri. Mama mwenye mtoto anayelia, usitoke nje, mtoto akilia kanisani hajavunja kitu. Na wale mliobandika maharage jikoni mtanisamehe, leo sina haraka.

Kulikuwa na mume na mke, huku huku nyanda za juu, mahali penye baridi kama hapa petu. Majina yao hayatatusaidia kitu. La mtoto wao ndilo mtakalolihitaji: aliitwa Tupoki. Alikuwa binti wa pekee, na wazazi wake wote wawili walilibeba jina lake. Mnajua tunavyofanya. Mwanamke akishajifungua, jina alilopewa na baba yake linabaki kwenye cheti cha ubatizo. Mtoni, sokoni, kwenye kicheko na kwenye ugomvi, yeye ni Mama Fulani. Basi huyu alikuwa Mama Tupoki na mumewe alikuwa Baba Tupoki. Hata wazee waliowazaa waliwaita hivyo.

Mama Tupoki alikuwa na bustani ya maua mbele ya nyumba. Si maua ya kuokota njiani. Yale yenye viazi chini ya ardhi, ambayo wengi wenu mnayo. Mvua za Novemba zikianza, yanachipua. Ikifika Januari, jua na mvua zikipokezana, yanachanua mekundu, ya manjano, ya zambarau, makubwa mpaka shina linainama. Kila Jumamosi aliyakata ya kupeleka madhabahuni, yeye na kisu mbele, Tupoki na kopo la maji nyuma. Majirani walimtania kwamba mumewe anakula mboga za kununua kwa sababu ardhi yote imekaliwa na maua. Naye alijibu kwamba mumewe akichoka kununua atajifunza kula maua.

Masika yakiisha na baridi ikaingia, maua hayo yanakuwa meusi na shina linakauka. Unalikata, unafunika kwa nyasi, unaondoka. Viazi vinalala huko chini mpaka mvua nyingine. Hakuna kazi ya kufanya, na kwa mtu asiyetulia hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, Tupoki aliugua homa. Sitawaeleza sana. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, sare bado inampwaya mabegani. Walimpeleka zahanati, wakamrudisha, wakampeleka tena, na mara ya pili hakurudi akiwa hai. Watu walikuja. Kwaya iliimba, wanawake walilala pale, wanaume waliota moto nje. Kisha matanga yakaanuliwa, kila mtu akachukua sufuria yake akaenda kwake, na nyumba ile ikabaki na watu wawili.

Mama Tupoki hakupiga kelele. Alikaa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kitenge mabegani, akitazama bustani yake iliyokauka. Akipika anasahau chumvi. Kwaya aliacha. Ukimsalimu anaitikia, lakini unaona kabisa salamu imemfikia ikiwa imechoka. Na mumewe alimtazama, akaogopa.

Ndugu zangu, huyu bwana hakuwa mkatili, msije mkatoka hapa mkimsema. Alimpenda mkewe. Alishamzika mmoja, na sasa aliona wa pili anamponyoka huku yuko hai, ameketi palepale mbele yake. Alimtaka mkewe arudi kuwa mkewe. Hilo tu ndilo alilolitaka. Nani kati yetu angemlaumu?

Akaanza kufanya kazi, maana sisi wanaume tukiogopa tunatafuta kazi ya kufanya. Kwanza alipita kwa majirani, nyumba kwa nyumba.

"Naomba msimwite tena Mama Tupoki," aliwaambia. "Mnamkumbusha. Akiitwa hivyo, siku nzima inaharibika."

Majirani wakaona ni busara. Wakaanza kumwita dada, wakamwita shemeji, wengine wakawa wanakohoa tu mlangoni mpaka atoke mwenyewe. Kisha mume akatoa ile sare na vile viatu vidogo, akampelekea shangazi yake kijiji cha pili. Picha ya mtoto akaitoa ukutani. Kila alichokiondoa, alikiondoa kwa huruma, mkewe akiwa amekwenda kuchota maji, ili asione kinavyotoka.

Halafu akageukia bustani. Ilikuwa Julai, kiangazi kikavu, wakati ambao watu wanagombania maji ya kupikia. Yeye alikuwa anabeba ndoo kutoka mtoni asubuhi, anabeba nyingine jioni, anamwagia vile viazi vilivyolala. Udongo wa baridi ulikuwa unayashika yale maji hayaondoki. Mkewe alimtazama siku nyingi akipita na ndoo. Mwisho akasema, palepale kwenye kigoda:

"Baba Tupoki, yaache hayo."

"Yanakauka."

"Hayajakauka. Yamelala. Wakati huu hayataki maji."

"Yakilala mno yatakufa. Mimi nataka siku moja ukiamka uyakute yamechanua, moyo wako ufurahi."

"Moyo wangu hauna haraka."

Mume akatua ndoo. "Na hilo jina, mke wangu, tuliache. Tulishakubaliana. Jikaze kidogo."

Walikubaliana lini? Alikubaliana na nani? Mke alimtazama, akaitazama ile ndoo. Tangu hapo hakumwita tena Baba Tupoki. Alimwita bwana.

Na kweli akajikaza. Agosti alirudi kwenye kwaya. Kukawa na harusi, akavaa gauni la rangi, akacheza, watu wakicheka naye anacheka. Chumvi ikarudi kwenye chakula. Wazee wa kanisa wakamshika mume mkono wakamwambia, hongera, umemsaidia sana mama, amepoa. Hata mchungaji wao, kwenye matangazo, akamtaja kuwa ni ushuhuda. Sisi wachungaji tunapenda sana ushuhuda unaokuja upesi. Ule unaochelewa unatuharibia ratiba.

Mzee wa kanisa hapo nyuma anatikisa kichwa kana kwamba ameshaujua mwisho. Subiri kwanza, baba, hatujafika.

Novemba mvua ikanyesha. Bustani za majirani zikaanza kutoa vichipukizi, vile vidogo vyekunduvyekundu. Yao, kimya. Mume akajipa moyo kwamba udongo wao ni mzito. Krismasi ikapita. Januari maua ya watu yakawa yameinama kwa uzito, na mama mwingine ndiye aliyepeleka ya madhabahuni. Bado mbele ya nyumba yao palikuwa na nyasi na tope. Siku moja mchana, mke yuko jikoni anachagua maharage, mume akachukua jembe akaenda kufukua aone kuna nini.

Akapiga jembe shimo la kwanza. Kiazi kimekuwa uji mweusi, kinanuka. Akafukua la pili, hivyohivyo. Akafukua bustani nzima, na kote alikopita na ndoo yake kiangazi kile hapakuwa na kiazi kizima hata kimoja. Hakuna mdudu aliyevila. Hakuna mtu aliyeviiba. Vilioza kwa maji, na maji aliyabeba yeye mwenyewe begani, kwa mapenzi, wakati mwenye bustani amemwambia aviache.

Akapiga magoti kwenye tope lile. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mwanamume huyu akalia. Hakuwa amelia. Alikuwa na shughuli nyingi. Alilia kwa sauti, na si maua aliyokuwa anayalilia. Mkewe akatoka na ungo wake mkononi, akasimama.

"Mama Tupoki," mume akasema, "yameoza. Yote."

"Usiniite hivyo," akasema mke. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole, ule upole aliokuwa anajibia kila kitu siku zile.

"Nisamehe. Nimemkumbuka mtoto. Njoo tukae hapa tumzungumzie. Mimi hata sauti yake naanza kuisahau. Nisaidie."

Uso wa mke haukubadilika.

"Bwana, ulitaka niliache jina hilo, nikaliacha. Ulitaka nicheke, nikacheka. Nilipokuwa na machozi uliniambia nijikaze. Sasa nayatafuta siyaoni, na mtoto namtafuta hukohuko simwoni. Wewe lia, una haki. Lakini mimi usinifukue."

Akaingia ndani, akabandika chai. Ilipochemka akamletea kikombe na andazi kwenye kisahani, akaviweka kizingitini, akarudi kwenye maharage yake. Jioni alikwenda kwaya. Hakukosa mazoezi hata siku moja mwaka ule.

Mfano wangu umeishia hapo. Naona wengine mnaningoja. Mnataka niwaambie kwamba kuna kiazi kimoja kilisalia pembeni, kikachipua, wakakumbatiana. Hapana. Hakikusalia.

Sasa niambieni, sisi hatujui majira? Sisi ambao hata mtoto wa darasa la pili anajua mahindi yanapandwa lini? Nani hapa amewahi kupanda viazi katikati ya baridi kali, kisha akaenda kuigombeza ardhi kwa nini hailipi? Ungefanya hivyo tungekuombea kwa kukuwekea mikono kichwani. Shamba likichoka tunaliacha lipumzike na hatulioni aibu. Lakini mwenzetu akizika mtoto, au mume, au mama yake, tunampa uji siku ya msiba, tunampa michango, tunamwimbia, kisha Jumapili ya pili tunaanza kumchungulia. Mbona haimbi? Mbona bado amevaa nguo ileile? Mbona bado anamtaja? Tunamwambia ni mapenzi ya Mungu, kana kwamba Mungu ametutuma tukamharakishe mtu.

Na tunafanya hivyo kwa nini? Tuseme ukweli tukiwa humu ndani. Si kwa sababu ya yule anayelia. Ni kwa sababu kilio chake kinatugusa mahali ambapo sisi wenyewe hatutaki kuguswa. Baba yule hakuweza kukaa na msiba wa mwanawe, kwa hiyo akautoa nyumbani, kiatu kwa kiatu. Mkewe ndiye aliyekuwa ameubeba kwa niaba ya wote wawili. Alimnyang'anya, na siku alipouhitaji mwenyewe hakuna aliyekuwa nao.

Mungu ameweka baridi, na ameweka mvua, na hajamwomba yeyote wetu amsaidie kusogeza tarehe. Mtu aliyelala kwa huzuni hajafa. Ametulia mahali ambapo Mungu anamwona na sisi hatumwoni, na hilo ndilo linalotukera. Kukaa karibu yake bila kufanya kitu, bila ndoo mkononi, bila neno la kumwinua, ni imani. Kuna siku ni imani kubwa kuliko kuhubiri, nami ninawaambia hivyo nikiwa nimesimama huku mbele.

Humu ndani wapo. Mwaka huu tumekwenda makaburini mara nyingi, na wenye misiba hiyo wameketi kati yetu sasa hivi, wamevaa vizuri, wameimba vizuri, na tumeridhika nao. Sitawataja, mnawajua. Leo tukitoka, msiende moja kwa moja nyumbani. Nenda kwa mmoja wao. Mwite kwa jina la mtoto wake yule mnayeogopa kumtaja. Mwulize alikuwa anapenda kula nini, alikuwa anaogopa nini, alikuwa anacheka vipi. Halafu nyamaza. Akilia, usimfute machozi, ni yake.

Na ukifika ukamkuta anakujibu kwa upole, anakukaribisha chai, anakuambia yeye yuko salama kabisa na mambo yale yameshapita, ujue tumechelewa. Kaa hivyohivyo. Usimwulize kitu tena. Kaa mpaka chai ipoe, na kesho urudi.

Tusimame, tuwaombee. Tusiimbe kwanza.