Shina la Vikombe Viwili

Hapo zamani, na asiyetaka kusikia aende zake, palikuwa na mjane akiitwa Bi Mkasi. Alikuwa na wakwe watatu, wake za wanawe: Zuwena, Tifli na Hidaya. Alikuwa pia na shamba moja lenye kisima. Kwingine kote mawe matupu. Akasema, "Atakayenipa mbegu ya choya yenye mavuno mengi kuliko hii yetu, shamba la kisima lake. Wala halikatwi vipande."

Choya mnaijua. Juisi nyekundu inatoka kwenye vile vikombe vinavyoshika ua.

Sasa, ndani ya kila tumba mna amri ambazo mmea umezirithi kwa wazazi wake. Wenye elimu huziita vinasaba. Amri ya kwanza hufanya vikombe. Ya pili ikishikana na ya kwanza hufanya petali, ikishikana na ya tatu hufanya chavua. Ya tatu peke yake hufanya nyumba ya mbegu. Mwaka ule likaota shina ambalo amri yake ya pili imeharibika. Penye petali pakatoka vikombe vingine, penye chavua pakatoka nyumba nyingine ya mbegu. Vikombe maradufu, chavua hakuna hata chembe.

"Ling'oe hilo, lina mkosi," Bi Mkasi akamwambia Zuwena.

Zuwena akakataa. Mkwewe akamnunia mwezi mzima, hata salamu haitikii. Shina likabaki.

Lakini ua lisilo na chavua litazaa nini? Kila asubuhi Tifli alichukua chavua ya choya ya kawaida kwa unyoya wa kuku, akalipaka shina lile mpaka likashika mbegu. Zikapandwa. Lo! Mashina yote yakatoka ya kawaida. Zuwena akacheka mpaka akakaa chini. Tifli akalia kwa hasira, akawafungulia mbuzi wayale. "Nimejichosha bure!"

Hidaya akawafukuza mbuzi. "Amri mbovu imefichwa na amri nzima ya baba yao. Ngojeni wajukuu."

Wakamwita mwehu. Akahifadhi mbegu za mashina yale ya kawaida, akapanda mashina arobaini maweni, maji akibeba kichwani. Tisa yakatoka na vikombe viwili kila ua.

Bi Mkasi akapiga kigelegele, kisha akakikatiza. Wakwe watatu wamesimama mbele yake.

"Mama, ningekutii, leo pangekuwa na nini hapa?" akasema Zuwena.

"Lingezeeka tasa," akasema Tifli. "Aliyelizalisha ni mimi."

"Ukawapa mbuzi watoto wake," akasema Hidaya. "Mimi ndiye niliyewaamini."

Wakabishana siku nane. Siku ya tisa yale mashina tisa yakafungua maua yao ya mwisho ya msimu, mbegu haijashika hata moja, nayo, kama bibi yao, hayana chavua. Chavua iko hatua tatu tu, kwenye ndugu zao wa kawaida. Ajuaye kuipaka ni Tifli, naye kakunja mikono. "Sigusi kitu mpaka nijue shamba ni la nani."

"Ukilipata wewe, nayang'oa yote tisa," akasema Hidaya. "Nimeyapanda mimi."

Zuwena naye kakaa mlangoni mwa shamba la kisima na jembe mapajani, asipite mtu.

Bi Mkasi akatazama jua. Ua la choya hufunguka asubuhi, mchana limekwisha kunyauka.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu, semeni upesi, jua halingoji: shamba la kisima apewe nani?