Darasa la Utulivu la Mwalimu Fisi

Alikuwepo ngiri mmoja, na alikuwepo mwanawe. Kama huamini, kawaulize majirani zao, maana majirani hao walizijua habari za nyumba ile kuliko wenye nyumba. Ngiri mwenyewe aliitwa Mama Tifu. Mwanawe alipewa jina la Tifu kwa sababu kila alipopita liliinuka vumbi.

Mwaka ule mvua iligoma. Mito ilikauka, visima vikabaki na vyura wenye hasira, na nyika nzima ikawa na bwawa moja tu. Bwawa hilo lilikuwa mbele ya mwamba wa Simba, na Simba, kama ilivyo kawaida yake, akaona kwamba Mungu amemwekea yeye binafsi. Akatangaza kwamba wakubwa wataendelea kunywa, kwa kuwa walishamsifu utotoni mwao. Watoto watapimwa mwezi ukiandama. Atakayeyataja majina yote ya sifa za Simba atakunywa. Atakayeshindwa atahamia ng'ambo ya kilima, ambako hapana tone la maji, na hapo Simba aliona amekuwa mpole sana.

Watoto wa wenzake walikariri. Tifu naye alianza vizuri kila siku. "Mkuu wa Nyika," alisema, "Mwana wa Ngurumo, Kucha za..." Hapo hupita panzi. Panzi akishapita, Simba hana kucha tena, wala miguu, wala ukoo. Mama Tifu alirudia naye asubuhi, akarudia naye jioni, akambembeleza, akamfinya, kisha akaenda kulia kichakani asionekane. Alimpenda mwanawe na alikuwa amechoka naye, yote mawili kwa pamoja, na kila alipotazama juu aliuogopa mwezi.

Maji yaliadimika, lakini ushauri ulikuwa tele. Swala alisema, "Mchape. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mbuni alikuja na shingo yake yote, akasema, "Shoga, wewe humlei huyo, unamchezea. Wangu mimi nikiwaambia tulieni, wametulia. Hata shingo hawageuzi."

Ni kweli hawakugeuza shingo. Walikuwa bado mayai.

Ndipo alipojitokeza Fisi. Hadi juzi kazi ya Fisi ilikuwa kuwasubiri wenzake wafe, lakini Simba alikuwa amemfanya msimamizi wa mtihani, kwa sababu kila Simba alipotania hakuna aliyecheka kwa nguvu kama Fisi. Sasa aliitwa Mwalimu, na alikuwa ameanza kutembea kama mtu aliyeitwa Mwalimu.

"Nimefungua Darasa la Utulivu," alimwambia Mama Tifu. "Mtihani, Mama, hufanywa mtoto akiwa amesimama, macho mbele, miguu imetulia, mkia chini. Ndivyo alivyoamuru Mtukufu."

"Mkia chini?" aliuliza Mama Tifu. "Mwalimu, sisi ngiri tukipiga mbio kidogo tu mkia uko juu. Ndivyo tulivyoumbwa."

"Basi kazi ipo. Lakini usihofu, nitamnyoosha. Ada ni chakula kidogo tu, kwa kuwa usikivu huanzia tumboni."

Hakusema ni tumbo la nani. Kila kukicha Mama Tifu alichimba mizizi, akampelekea Fisi fungu zima, yeye mwenyewe akarudi nyumbani kulamba udongo. Fisi hajawahi kubagua chakula, akaila yote. Watoto aliwakalisha mbele ya kichuguu tangu asubuhi, akawaambia wakitazame mpaka utulivu uwaingie, kisha yeye akalala. Jioni alitoa taarifa. "Leo katikisika kidogo kuliko jana. Kesho ongeza mizizi." Mama Tifu alirudi nyumbani tumbo tupu na moyo umejaa, maana maneno yale, kidogo kuliko jana, alikuwa hajayasikia kwa mtu yeyote.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Fisi alimvuta pembeni.

"Mwanao ni mgumu, ila simkatii tamaa. Huyu ni wa bweni. Mlete kesho, alale kwangu pangoni. Mwenzake, mwana wa Digidigi, nimeshamlaza. Ametulia, Mama. Ametulia kabisa." Akalamba midomo.

Mama Tifu akashukuru. Usimcheke. Mzazi aliyechoka akionyeshwa mlango hupita, hajali ni wa nyumba gani.

Jioni ile walirudi nyumbani kwa miguu, Tifu akienda mbele, akirudi nyuma, akiongea bila kumeza mate. "Mama, yule panzi mwenye mguu mmoja nimemwona, nikamfuata hadi nyuma ya pango la Mwalimu, pana udongo laini, nikachimba, pana vikwato, vidogo, na kipembe, halafu panzi akaruka juu ya jiwe, halafu..."

Siku nyingi Mama Tifu alikuwa akiitikia "ndiyo, baba" huku mawazo yako kwingine. Watu wote walisema mtoto hasikilizi, na hakuna aliyeuliza kama mtoto anasikilizwa. Safari hii alisimama.

"Rudia. Mwache panzi."

"Panzi ndiye aliyenionyesha."

"Vikwato vya nani, mwanangu?"

"Vya mwana wa Digidigi. Mbona Mwalimu alisema ametulia?"

Mama Tifu alimvuta mwanawe karibu. Aliona aibu kabla hajaona hofu, kwa sababu kesho yake angempeleka mwanawe mwenyewe, na mizizi juu.

Aliwaendea majirani usiku haujaingia. Mbuni akasema, "Yaani unamsikiliza mtoto asiyesikiliza?" Swala akauliza kama ameshajaribu fimbo. Mama Digidigi, mnyama mdogo mwenye macho makubwa, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu aliniambia anaendelea vizuri." Akainama. Kwa Simba nako hakukuwa na njia ya kufika, maana malalamiko yote ya nyika yalipitia kwa Fisi.

Tifu hakurudi darasani. Mama yake akafanya kazi ya kuchimba mizizi kama kawaida, safari hii ya kula wenyewe, huku akijisemea majina ya Simba kwa uchungu kama anayetukana. "Mkuu wa Nyika," akang'oa mzizi. "Mwana wa Ngurumo," akang'oa mwingine. Mara akasikia nyuma yake, "Kucha za Radi." Tifu alikuwa amepiga magoti, pua imezama udongoni, mkia juu, anachimba na anasema. "Kivuli cha Adhuhuri. Mnyamazisha Ndege." Mama hakupiga kelele, asije akamshtua. Akasogea, akachimba naye. Kuanzia hapo ikawa jina moja, shimo moja, na uwanja wao ukaharibika kabisa.

Lakini mtihani ulitaka miguu iliyotulia. Mama Tifu akaenda kwa Sungura.

Sungura hajawahi kutenda wema bila kwanza kuuchungulia una nini ndani. Alipoahidiwa mizizi mitamu mpaka masika, akasikitika sana kwa habari ya mwana wa Digidigi. "Dada yangu," alisema, "Fisi umemwona anafundisha. Je, umewahi kumsikia akiyataja majina hayo?"

"Sijawahi."

"Wala mimi. Basi nenda na ile desturi yenu ya kungwi na mwari. Mimi naenda kumsifu Simba kidogo."

Siku ya mtihani ilipofika, Simba alikaa juu ya mwamba na chakula chake cha mchana miguuni, paja la nyati lenye mafuta. Sungura alikuwa amemwambia kwamba sifa humkaa vizuri mfalme akiwa anakula. Fisi alisimama kando, kifua mbele. Alipoita, "Mwana wa Ngiri," aliyetoka alikuwa mama mtu.

"Mtukufu," alisema Mama Tifu, "kwetu mwari hamtangulii kungwi. Kungwi huanza wimbo, mwari akafuata. Tunaomba Mwalimu aanze, watoto wafuate."

Simba, ambaye hakuona ubaya wa kusifiwa mara moja zaidi, akaitikia kwa kichwa. "Mwalimu, anza."

Fisi akakohoa. Akasimama wima, macho mbele, miguu imetulia, na macho hayo yakatua juu ya paja.

"Mkuu wa Nyika," alisema. "Mwana wa... Mwana wa Mafuta." Mate yakamdondoka. "Kucha za Mnofu. Kivuli cha... cha Figo."

Simba akaacha kutafuna. "Figo ni nani?" aliuliza.

"Mtukufu, nilikusudia..."

"Umenisifu au umenipika?"

Mama Tifu akapata nafasi, akaeleza yote, vikwato na kipembe na bweni. Simba alisikiliza nusu. Mtoto aliyeliwa hakumtia hasira sana, kwani mwenyewe alikuwa na maoni yake kuhusu digidigi. Kuitwa Kucha za Mnofu mbele ya swala, hilo ndilo lililomsimamisha manyoya. "Sheria ni sheria," akasema. "Aliyeshindwa kunitaja anakwenda ng'ambo ya kilima." Akamtoa Fisi mbio mpaka kileleni, na tangu hapo hakuna aliyemsikia Fisi akicheka vizuri.

Simba aliporudi, akihema, akamtazama Tifu, aliyekuwa ameshachimba mashimo kando ya mwamba. "Na huyu?"

"Atasema, Mtukufu. Ila hawezi kusema akiwa amesimama, na Mwalimu alisema umeamuru mkia chini."

"Mimi?" Simba akashangaa. "Mikia ya ngiri inanihusu nini? Mimi nilitaka kusifiwa."

Tifu akaanza. Jina, shimo, jina, shimo, akimzunguka mfalme na vumbi lake. Katikati akapita panzi. Tifu akainua kichwa. Mtoto alimfuata panzi hatua kadhaa, akasimama, akageuka, akazamisha pua udongoni. "Kivuli cha Adhuhuri," akaendelea, mpaka jina la mwisho. Simba alipenda sana kuzungukwa, akaomba yarudiwe yote.

Kisha Tifu akasahau kunywa. Alikuwa ameshafika mbali na yule panzi, ikabidi mama yake amkimbilie na kumrudisha bwawani kwa kumsukuma na pua. Akanywa, naye akanywa kando yake. Mbuni akasogea kuuliza amempa mtoto dawa gani, lakini macho ya Mama Tifu yalikuwa kwingine. Ng'ambo ya maji alikuwa amesimama Mama Digidigi peke yake. Wakubwa waliruhusiwa kunywa, lakini hakuwa akinywa. Mama Tifu alizunguka bwawa, akaenda kusimama karibu naye.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.