Seti ya Mzee Shekue

Si zamani za kale, ni juzi tu hapa Tanga. Mashavu msusi alikuwa amekodi chumba cha saluni, bibi harusi anakuja kesho kusukwa, na ndani hamna hata kiti. Akaenda kwa Mzee Shekue, tajiri wa samani.

“Shikamoo, mzee wangu. Naomba kiti kimoja na sinki la kuoshea nywele.”

“Marahaba. Mimi nauza seti.” Shekue akaonyesha picha kubwa ukutani. “Kilichomo pichani chote kinakwenda pamoja. Sivunji.”

“Hata kimoja hakibaki?”

“Wallahi, hata kimoja.”

Mashavu akawageukia wapagazi mlangoni. “Mmesikia kiapo, kaka zangu?” Wakaitikia. Akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, maana fedha ya seti hakuwa nayo. “Basi pakieni.”

Lori likajaa viti, masinki na vioo. Mashavu akaitazama tena picha.

“Bado kimoja. Mbebeni mzee.”

Shekue naye akatazama. Kwa ubahili wa kutotaka kumlipa mtu wa kupigwa picha, pale pichani alikuwa amekaa mwenyewe kiti cha mbele, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, anachekelea.

“Binti, mimi nina wake wawili.”

“Watakuja kukuona. Na Ijumaa nitakuruhusu ukaswali.”

Wapagazi walishamshika miguu.

“Niacheni. Kafara ya kuvunja kiapo nitaitoa. Seti naivunja.”

“Ikishavunjika, baba,” alisema Mashavu akifungua pindo la kanga, “mimi changu ni kiti kimoja na sinki.”