Kwikwi ya Mzee Tembo na Maji Yaliyosalimia Nyumba Zote

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walifagia nyua zao asubuhi na kuazimana chumvi, palikuwa na mto ulioitwa Nyemo. Haukuwa mto mkubwa. Ulitoka mlimani, ukapita kwenye bonde kavu lenye miiba, ukaishia mchangani.

Mwanzoni walikaa wachache tu kando yake. Lakini sifa za mto zilienea. Leo Ngiri anahamia na wanawe, kesho Nungunungu anafyeka shamba la mahindi, keshokutwa Pundamilia anapima kiwanja. Kila aliyekuja alichimba mfereji wake. Mto ukaanza kukonda.

Juu kabisa, karibu na chemchemi, alikaa Mzee Tembo. Alipoona nyumba zinaongezeka, akaingiwa na hofu.

"Hawa watayamaliza maji!" akasema. Akaviringisha mawe, gubu! gubu! gubu! Akauziba mto, akapata bwawa lake. Maji yaliyopenya kati ya mawe yalikuwa kama machozi tu.

Chini kabisa, mto ulikoishia, alikaa Kindi na mtoto wake mchanga, Tuli. Siku moja Kindi aliinamisha mtungi, halikutoka hata tone. Tuli akalia kwa sauti iliyokauka. Kindi akamnyonyesha, lakini mama asiyekunywa maji atatoa wapi maziwa?

Akampeleka mtoto kwa jirani yake, Bibi Kobe. "Bibi, nishikie mtoto. Naenda kwa Mzee Tembo kuomba maji."

"Wewe? Akipiga chafya tu utaangukia ng'ambo!"

"Basi nitakuwa nimefika ng'ambo bila nauli," Kindi akajibu, akaondoka mbio.

Alipofika juu alipiga hodi. "Shikamoo, Mzee Tembo."

"Mara... KWIK! ...haba," Tembo akaitikia.

Ardhi ikaruka. Sufuria za jikoni zikagongana, ka-ka-ka! Bi Tembo akachungulia mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Tangu jana, mwanangu! Anashinda bwawani anakunywa, asije mwingine akanywa. Haya, kwikwi imemshika. Nimembandika uzi kwenye paji la uso kama mtoto, uzi wenyewe hauonekani. Nikambandika kamba. Wapi!"

Kweli, kipande cha kamba kilikuwa kimebandikwa katikati ya paji la uso la Tembo. Kindi alitaka kucheka, akajizuia. Akapiga magoti.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba maji kidogo. Mtoto wangu..."

"Hapana! Nikikupa wewe, kesho atakuja Ngiri, keshokutwa... KWIK! ...Nungunungu. Nenda nyumbani."

Kindi akainuka, machozi yanamlenga. Akapiga hatua chache. KWIK! Kishindo kikamrusha juu, naye alipotua chini alikuwa na wazo.

Akageuka. "Mzee, kwikwi hiyo naijua. Iliwahi kumshika mume wa shangazi yangu."

"Akapona?"

"Alipona. Lakini dawa yake ina masharti. Wewe hutaiweza."

"Nani hataiweza? Mimi? KWIK! Sema!"

"Unatakiwa unywe maji yaliyosalimia nyumba zote."

"Ndiyo maji gani hayo?"

"Yatoke hapa kwako, yateremke yenyewe, yapite kwenye kila mlango wa bonde hili. Kila mwenye nyumba anywe kwanza. Wewe unywe wa mwisho, kule mto unakoishia."

"Si unichotee tu kwenye kibuyu?"

"Maji ya kubebwa yatamsalimia nani? Lazima yatembee, na wewe utembee nayo."

"Nenda, baba watoto, nenda!" Bi Tembo akadakia. "Angalau mimi nipate kulala!"

Tembo akanung'unika, akatoa jiwe moja. Maji yakateremka, chururu, chururu. Kindi akatangulia, Tembo akafuata pembeni, KWIK! kila baada ya hatua.

Wakafika kwa Kiboko. Maji yakaingia kwenye dimbwi lake, yasitoke. Kiboko alijilaza humo, masikio tu yanaonekana.

"Wee Kiboko!" Tembo akapaza sauti. "Yaachie maji yapite!"

"Yakiingia kwangu ni yangu."

"Hee! Yaani unayalalia maji yote peke yako, na wenzako wako huko chini? Huna hata... KWIK! ...haya?"

Kiboko akacheka mpaka dimbwi likatoa mapovu. "Shikamoo, mwalimu! Mimi nimejifunza kwa nani?"

Tembo akatazama pembeni. Masikio yake yalilegea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tafadhali, ndugu yangu. Mimi mgonjwa."

"Hayo sasa ni maneno," Kiboko akasema. Akanywa, akasogeza tumbo lake kubwa, maji yakapata njia.

Mbele kidogo lilikuwapo shamba la miwa la Nyati. Nyati alikuwa amelala kivulini, anakoroma, krooo! Mfereji wake ulikuwa umetoboka, maji yanamwagika barabarani bure, hata muwa mmoja hauyapati.

Tembo akashika kichwa. "Dawa yangu inamwagika! Amka wewe!"

Nyati akafumbua jicho moja. "Mbona unapiga kelele, mzee? Tundu hilo ni la mwaka juzi. Maji yamepungua, nikaona niyachukue mengi zaidi, basi."

"Unachukua mengi na unayamwaga! Lete udongo!"

Wakakanyaga udongo pamoja, fyata, fyata, wakaziba tundu. Nyati akashangaa kuona miwa yake inashiba kwa maji machache kuliko ya jana.

Safari ikaendelea. Ngiri akajaza mitungi, Pundamilia akanywesha watoto, Nungunungu akamwagilia mahindi. Kila mmoja alitoka mlangoni na kusema, "Ahsante, Mzee Tembo!" Yeye hakujua afanye nini na ahsante hizo, maana hakuwahi kupewa. Lakini kila waliponywa, maji yakawa membamba. Mwisho yakawa kama mkia wa panya, yakafia njiani.

"Hapa hapa panatosha," Tembo akasema. "Ninywe hili tope nirudi."

"Kwikwi inasemaje?" Kindi akauliza.

"KWIK!"

"Umesikia? Bado nyumba mbili hazijasalimiwa. Kwa Bibi Kobe na kwangu."

Wanangu, hebu mwoneni Tembo akipanda tena mlima ule, anahema, hee-hu, hee-hu! Akatoa jiwe la pili. Akatoa la tatu. Kisha akateremka, akiita kila nyumba, "Chukueni mnachohitaji tu, kingine kiacheni kipite! Kiboko, jisogeze! Nyati, tazama mfereji!" Akafika mwisho wa mto kabla ya maji. Hapo hapakuwa na kitu ila mchanga.

"Yako wapi?"

"Yanakuja," Kindi akasema. "Sisi huku huwa tunangoja."

Tembo akakaa. Jua likamchoma mgongo. Ulimi ukamganda mdomoni. Hakuwahi kungoja maji maishani mwake. Mbele yake Bibi Kobe alimpakata Tuli, na Tuli alikuwa analamba sehemu ya chini ya mtungi, pale penye ubaridi. Tembo akamtazama kwa muda mrefu.

Mara, shhh... Ulimi mwembamba wa maji ukaja mchangani, unasukuma majani makavu mbele yake. Bibi Kobe akapiga kigelegele. Kindi akachota kwa kiganja, akamnywesha mtoto. Tuli akanywa, akakohoa, akanywa tena. Kisha Bibi Kobe akanywa. Kisha Kindi mwenyewe.

"Sasa wewe, Mzee."

Tembo akainamisha mkonga. Akasita. Akasikiliza. Hakuna kwik.

"Imeondoka," akasema polepole. "Imeondoka kabla sijanywa!" Akamtazama Kindi. "Maji haya hayana dawa."

Majirani waliokuwa wamefuata wakatazamana. Wengine wakarudi nyuma. Kindi hakukimbia.

"Hayana, Mzee. Na shangazi yangu hajawahi kuolewa. Nilikudanganya. Nilikuomba kwa ukweli ukanikatalia, na mtoto alikuwa na kiu."

Tembo akainuka. Kivuli chake kiliwafunika wote. Lakini alipozungumza, sauti haikuwa ya hasira.

"Wakati wa ule ukame mkubwa wa zamani, mama yangu alikufa akiwa anatafuta maji. Nilikuwa mdogo. Nikasema sitapungukiwa tena."

"Pole sana, Mzee," Kindi akasema. "Hatukujua."

"Na ukame ukirudi? Ninyi mmekuwa wengi."

"Ukirudi tuite. Tutakuja wote, tuone kilichopo, tugawane kwa zamu. Hata kikiwa kidogo, hutakunywa peke yako na hutakufa peke yako."

Tembo akainamisha mkonga tena. Akanywa kidogo tu, akaanza kupanda mlima taratibu. Wote wakabaki wanayatazama maji pale mchangani. Je, yatakatika?

Wakasikia kutoka mbali, gubu!

"Anafunga," Nungunungu akanong'ona. Kindi akamkumbatia Tuli.

Gubu! Gubu!

Maji yakatikisika. Kisha yakatanuka, yakalowesha miguu yao, yakapanda mpaka magotini mwa Bibi Kobe, naye akacheka, "Jamani, atanizamisha!" Mawe yalikuwa yanatolewa, moja baada ya jingine.

Ndivyo walivyoishi bonde lile, wanangu, kwa zamu na kwa kuitana: anayekaa juu ya mto hawezi kuijua kiu ya walio chini mpaka ashuke kwa miguu yake.