Wazee Waliokwenda na Kitanda Chao

Wapendwa, leo nataka niwape habari za dereva mmoja. Si wa yale malori makubwa yanayokwenda Kongo. Huyu alikuwa anaendesha basi la shule huko Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Kazi yake ilikuwa kuwapitia watoto asubuhi, kuwafikisha shuleni, na kuwarudisha jioni kwa mama zao. Aliifanya kazi hiyo mpaka watoto wa kwanza aliowabeba wakawa wanamletea watoto wao awabebe.

Basi likazeeka, naye akazeeka. Wakastaafu pamoja. Siku ya kumuaga, shule ikamwambia, "Mzee, basi hili hata wanunuzi wa vyuma chakavu wanalikwepa. Ukilitaka, lichukue." Akalichukua. Likavutwa na trekta mpaka uani kwake, likaegeshwa kando ya zizi, na majirani wote wakajua kwamba sasa lile litakuwa banda la kuku. Ningekuwa jirani yake, hata mimi ningefikiri hivyo. Wewe je?

Lakini haukupita muda wakamwona anang'oa viti. Boliti zilikuwa zimeshika kutu. Nyingine alizilowesha mafuta ya taa, nyingine alizikata kwa msumeno wa chuma, na jioni akitoka humo ana vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alipoinua ule mpira wa sakafuni akakuta bati limeliwa kabisa, ukichungulia unaona majani chini. Akaita fundi wa kuchomelea, wakaweka bati jipya, na juu yake mbao. Halafu akaja seremala kupima kitanda. Hapo ndipo mtaa ulipoanza kuuliza.

"Mzee, unajenga nini humo?"

"Nyumba."

"Nyumba si unayo hiyo hapo?"

"Hiyo haitembei," akasema, akaendelea kupiga msumari.

Watu wakacheka. Wengine wakasema kustaafu kumemchanganya. Yeye hakujali, na mkewe pia hakujali. Mama huyu alikuwa fundi cherehani. Akashona mapazia ya kitenge, kila dirisha na pazia lake, na basi la shule, ndugu zangu, lina madirisha mengi. Akashona mito. Mume akafunga tangi dogo la maji juu ya paa, akashusha bomba hadi kwenye sinki, akaweka jiko la gesi, na nyuma kabisa pembeni akajenga choo kidogo cha ndoo, chenye mlango wake.

Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yakaingia, godoro likalowa lote. Akapanda juu akaziba kwa lami. Mvua nyingine ikapenya kwingine. Akapanda tena. Na mnaijua mvua ya Tukuyu, haina likizo. Kazi ile ilichukua miezi mingi, na mgongo wa mzee ulikuwa unamsumbua. Siku moja alikaa kwenye ngazi ya basi, akaweka nyundo chini, akasema, "Mama Lusajo, labda tuache."

Mkewe alikuwa amemletea chai. Akamwambia, "Tukiacha, wajukuu tutawaonaje?"

Hapo lazima niwaeleze. Wazee hawa walikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Lusajo. Anafanya kazi Dodoma. Ana mke, ana mabinti wawili wadogo, ana nyumba ya vyumba viwili na sebule. Na mabasi ya kutoka Mbeya kwenda Dodoma yapo kila siku. Majirani wakauliza, na naona kwenye nyuso zenu na nyinyi mnauliza: kwa nini wasipande basi kama watu wengine, wakalale kwa mtoto wao? Mzee akiulizwa hivyo alikuwa anainamia kazi yake na kusema, "Tunataka twende kwa utaratibu wetu."

Akatokea fundi wa magari ambaye alilipanda basi lile akiwa darasa la kwanza. Akaifufua injini. Askari wa usalama barabarani wakalikagua wakalikataa, likarekebishwa, wakalikagua tena wakaliruhusu. Mzee akalipaka rangi ya bluu, ingawa ukilitazama kwa pembeni bado uliweza kulisoma jina la shule chini ya rangi. Asubuhi moja wakamwachia jirani ng'ombe wao, wakafunga mlango wa nyumba isiyotembea, wakaondoka.

Msidhani walikwenda kwa huzuni. Walikuwa na furaha kama watu wa fungate. Mama amekaa kiti cha mbele, anamenya machungwa, anamlisha mzee huku anaendesha. Walipanda milima polepole, malori yakiwapita. Wakapika ugali kando ya barabara. Wakalala Iringa kwenye kituo cha mafuta, mapazia yamefungwa, na mama akasema hajawahi kulala vizuri hivyo safarini. Kesho yake wakateremka hadi bwawa la Mtera, wakavuka, wakaingia Dodoma mchana.

Hawakubisha hodi kwa mtoto wao. Karibu na nyumba ile kulikuwa na kiwanja kitupu. Mzee akamtafuta mwenye kiwanja, akamwomba kwa heshima waegeshe siku chache, akakubaliwa. Wakaegesha. Mama akawasha jiko akaanza kupika maharage.

Mkwe wao akirudi kutoka kazini akaliona dude la bluu limeota karibu na ukuta wake, na mlangoni mama mkwe anachambua mchele.

"Shikamoo, mama. Jamani, mmefika lini? Mbona mmekaa huku nje?"

"Marahaba, mwanangu. Tumefika mchana. Usiwe na wasiwasi, tuna kila kitu humu. Kitanda kipo, choo kipo, maji tumechota Iringa. Hata mchele tumekuja nao. Hatutawagusia chochote. Ila tunaomba watoto waje tuwaone kidogo, halafu tutawarudisha."

Yule mkwe alisimama na mkoba wake begani. Maneno yalikuwa ya upole kabisa. Na bado alijisikia kama mtu aliyefungiwa nje, wakati nyumba ni ya kwake.

Baadaye Lusajo naye akarudi. Akamkumbatia baba yake, akacheka alipoona sinki, akasifu kitanda. Halafu akatazama mtaani, akashusha sauti.

"Baba, kazi ni nzuri sana. Lakini hamuwezi kulala humu. Watu watasema nimewafukuza wazazi wangu."

"Waambie ni starehe za uzeeni," mzee akasema.

Lusajo akacheka kidogo. Akamgeukia mama yake, na mama akawa anafunika sufuria ambayo ilikuwa imeshafunikwa. "Mama. Niambie ukweli. Kuna nini?"

Mzee akasema, "Muache mama yako." Lakini mama alishaamua.

"Ile mara tuliyokuja," akasema, "ulikuwa uani unaongea na simu. Mimi nilikuwa naanua nguo, hukuniona. Ulimwambia mwenzako kwamba wazee wamekujazia nyumba, huna hata pa kupumulia, unaomba tu waondoke. Ulikuwa umechoka, mwanangu. Nilikuona ulivyochoka. Watoto walikuwa wanalala sebuleni kwa ajili yetu, mkeo anaamka kabla ya watu wote. Sikukasirika. Nilimwambia baba yako, na kesho yake tukaaga. Tulisema ng'ombe anakaribia kuzaa. Yule ng'ombe hakuwa na mimba. Tulipofika nyumbani tukakaa tunajiuliza, tutafanyaje tukuone bila kukubana. Ndipo baba yako akapewa basi."

Wapendwa, Lusajo alijaribu kuikumbuka simu hiyo. Alijaribu kukumbuka alikuwa anaongea na nani, siku gani, kwa nini. Hakukumbuka chochote. Neno lile lilikuwa limemtoka kama jasho linavyomtoka mtu, na yeye akaendelea na maisha yake. Na watu wawili, wazee, huko Tukuyu, wamelipokea neno hilo hilo, wameling'olea viti, wamelijengea kitanda, wameliwekea paa, wakapanda kuziba kila mvua iliponyesha.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia. Akasema, "Ingieni ndani. Nawaomba mwingie ndani."

Mnadhani waliingia? Hadithi nyingine ingesema waliingia. Baba yake alimwekea mkono mabegani akamwambia, "Kula tutakuja kula kwako, mwanangu, na kushinda na watoto tutashinda. Lakini kulala tutalala humu. Si hasira. Tulishasamehe kabla hujaomba. Ila nakwambia ukweli, mama yako akilala ndani hatapata usingizi. Atakuwa anasikiliza kila mlango unaofungwa, anajiuliza kama anakubana."

Lusajo hakubishana. Hakusema "sikusema hivyo", hakusema "mlinielewa vibaya", hakukimbilia kuwatafutia hoteli. Walikula pamoja, wakaomba pamoja, wazee wakarudi kwenye basi lao. Mara wakasikia mtu anagonga bati.

"Hodi."

Alikuwa yeye, amejifunga blanketi mabegani kama mgonjwa, na nyuma yake mkewe, na wale mabinti wawili kila mmoja na mto wake.

"Mama," akasema, "kuna nafasi?"

Ndani ya basi lile, ndugu zangu, ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unagusa pande zote mbili. Mama akamsogeza mumewe ukutani, akakunja mapazia, akashusha ndoo ya maji nje, akasema, "Karibuni, wanangu. Nafasi ipo."

Wakalala hapo hapo, wajukuu kitandani na bibi, wengine kwenye mbao, miguu ya Lusajo imefika mpaka chini ya usukani. Na yule mama akapata usingizi.

Sasa mimi na wewe. Simhukumu Lusajo, na wewe usimhukumu. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na sisi wote tumewahi kuwa watu wema waliochoka. Tumesema uani, tumesema jikoni, tumesema kwenye gari tukidhani amesinzia. Tena hatukusema kwa chuki. Tulitaka tu kupumua. Lakini kuna mtu alikuwa upande wa pili wa nguo zilizoanikwa.

Na anayetupenda akisikia neno kama hilo, hagombani na sisi. Angegombana tungejua. Yeye anajipunguza. Anakuja na sukari yake. Anakuja na shuka lake. Anakaa kwenye ncha ya kochi na kusema, "Sikai sana, napita tu." Na sisi tunamsifu mbele za watu. Tunasema, mama yangu hana makuu kabisa, akija hasumbui mtu, siku moja tu ameondoka. Tunajivunia! Hatujiulizi nani alimfundisha kuondoka mapema.

Ni wazazi tu? Angalieni humu humu kanisani. Kuna mtu anakaa benchi la mwisho karibu na mlango kila Jumapili, tunadhani ni mnyenyekevu. Inawezekana siku moja mmoja wetu alimwambia, "Hapa ni pa kwaya," kwa sauti fulani, na toka siku hiyo amejijengea sehemu yake huko nyuma ili asimbane mtu.

Na Bwana wetu naye, tumemfanyaje? Si tunamwachia kiwanja cha jirani, tunampelekea chakula Jumapili, tukimwona mlangoni tunaangalia mtaa utasemaje? Naye haondoki. Amekaa pale pale, karibu na ukuta wetu, kwa sababu anataka kutuona.

Neno likishatoka haliwezi kurudi mdomoni. Lakini Lusajo aliweza jambo moja, na hilo sisi pia tunaliweza. Alitoka kwenye nyumba yake yenye vyumba, akaenda mahali walipokimbilia watu aliowaumiza, akabisha hodi, akaomba nafasi kwao. Hakuwangoja waingie kwake ndipo mambo yawe sawa.

Kwa hiyo nawaomba. Tukitoka hapa, kabla ya chakula, mpigie simu yule anayejipunguza kwa ajili yako. Usimwambie "karibu siku moja." Taja siku, na taja chumba atakacholala. Na akikujibu, "Msijisumbue, mwanangu, nitakuja na shuka langu," usicheke. Muulize: "Mama, ulinisikia nikisema nini?"