Fisi Mkaguzi na Sufuria Pacha

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa sufuria.

Ya nani?

Ya mwenye njaa, ila mwenye mkwe asiisogelee.

Zamani, na si zamani sana kwa kuwa umeme ulikuwapo, Fisi alikuwa mkaguzi wa kiwanda cha sufuria. Desturi ya hapo, kila sufuria mpya sharti ijaribiwe kwa nyama. Mafundi wanachanga nyama, sufuria inatokota tok, tok, tok, Fisi anakula nyafu nyafu, analamba, anasema, "Safi." Kitako cha sufuria hakukitazama hata siku moja.

Nguchiro, fundi mdogo kuliko wote, alichoka kuchanga. Akaitengenezea kila sufuria pacha wake ndani ya kompyuta. Akafunga nyaya jikoni: sufuria ikipata moto, pacha anapata moto, sufuria ikipungua uzito, pacha anapungua uzito, na palipo pabovu, pacha anageuka mwekundu. Ukaguzi huo hauli nyama. Fisi alinuna, akasema mashine haina ulimi.

Basi Bi Siwatu, mama mkwe wa Fisi, akaagiza sufuria kubwa ya harusi ya kitindamimba wake. Fisi alikuwa amejigamba kwake kwamba sufuria mbovu haipiti mikononi mwake. Pacha akawa mwekundu kitakoni. Nguchiro akamweleza Fisi, bosi wake, kuwa kitako ni chembamba. Fisi akamjibu kwamba ameshaipitisha, ilobaki ni nyama yake tu, iletwe siku mama atakapokuja kuchukua mzigo. Nguchiro akaitikia kwa adabu, kisha kimyakimya akaiunda upya, kitako kinene.

Siku ikafika. Na kwa mafisi, mume hali mbele ya mama mkwe wake, hata akizimia kwa njaa. Nguchiro akabandika nyama, akamkaribisha Bi Siwatu kiti mbele ya kompyuta amtazame pacha wa sufuria yake, mgongo kwa jiko.

Harufu ikamfika Fisi. Akamtazama mama, amempa kisogo. Akajiambia kipande kimoja tu, nani ataona? Nyafu! Kwenye kioo cha kompyuta, pacha akapungua uzito. Nyafu! Pacha akapungua. Nyafu! Akapungua tena.

Bi Siwatu hakugeuka. Akauliza taratibu, "Mwanangu, sufuria yangu inavuja, au inaliwa?"

Loo, aibu hiyo! Akisema inaliwa, yeye ni mlafi mbele ya mkwe. Akisema inavuja, yeye ni mkaguzi wa bure. Fisi akameza finyango la moto, machozi yakamlengalenga.

"Inavuja, mama."

Nguchiro akaipua sufuria, akapapasa chini kwa kitambaa. "Kitako kikavu, mama. Hata jivu halijalowa."

Bi Siwatu akajifunika uso kwa kanga, akamwonea aibu mkwewe kuliko Fisi alivyojionea mwenyewe. Akajitwika sufuria yake, akaenda zake bila kuaga. Fisi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliondoka kiuno kimeshuka, na mpaka leo hakijainuka.

Sufuria yangu nimeipua, mwenye mwiko akombe ukoko. Na funzo lake, wanangu: msinunue kompyuta, zinachongea watu kwa wakwe zao. Ulafi hauna kosa lolote. Kosa ni kumpa mama mkwe kiti.